Betri Mbili za Kalama Kazungu

Mtaani kwetu Kibokoni hapakuwa na mtu mwenye sauti nzuri kama ya Kalama Kazungu, na wengi waliomjua kwa sauti hiyo hawakupata kumwona sura. Alikuwa opareta wa simu katika kampuni moja ya mizigo kule Mbaraki. Miaka ishirini na tisa alikaa mbele ya mtambo wa kuunganisha simu kwa waya, akipokea simu za mawakala wa meli, makarani wa bandari na matajiri wa Nairobi. Watu walikuwa wakipiga simu kwa sababu ya gunia la kahawa lililopotea, wakiwa wamewaka kwa hasira, na baada ya maneno mawili matatu ya Kalama wanajikuta wanamuuliza hali ya watoto.

Nyumbani alikuwa mtu wa kimya. Akirudi jioni alivua viatu, akaoga, akala, akasoma gazeti. Mkewe, Mwanarusi, alikwisha zoea. "Maneno yake yote huyaacha Mbaraki," alikuwa akituambia, wala hakusema kwa uchungu. Mimi nilikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, na kila asubuhi nilikaa na Mwanarusi barazani tukishona kofia. Kalama alikuwa Mgiriama wa Kaloleni. Alisilimu alipomuoa Mwanarusi, akapewa jina la Ramadhani, lakini hakuna aliyelitumia. Walikuwa na binti mmoja, Swabaha, aliyeolewa Malindi. Kabla ya Swabaha walikuwa na mtoto wa kiume, Kazungu, aliyefariki mwaka 1974 akiwa na miaka minne. Mtoto huyo hakutajwa nyumbani humo. Zamani watu walimwita Kalama Babake Kazungu. Baada ya Swabaha kuzaliwa wakabadilisha.

Mwaka 1992 sauti ile ilianza kukwaruza. Kwanza tulidhani ni mafua. Mwanarusi alimchemshia tangawizi, akamkorogea asali na ndimu, na kazini wakampa likizo apumzike. Ilipofika mwezi wa tatu akawa hasemi, ananong'ona. Daktari akaona uvimbe kwenye kikoromeo, akapelekwa Nairobi, na huko wakakitoa chote. Alirudi akiwa na tundu chini ya koo la kupumulia, na Mwanarusi akawa anamshonea vitambaa vyeupe vya kulifunika. Upasuaji ule ulimdhoofisha mabega pia. Mikono yake haikuweza tena kupanda juu ya mabega.

Kampuni ikamwachisha kazi kwa heshima, wakampa saa ya ukutani. Kalama akawa hana sauti kabisa. Alinunua daftari la shule na kalamu, akawa anaandika anachotaka. Lakini Mwanarusi alisoma chuo cha Kurani, alijua herufi za Kiarabu tu, daftari hilo halikumfaa. Mume na mke wakabaki na ishara za mikono: chakula, maji, dawa, mlango. Ikabidi hata mimi niwe naitwa kusoma daftari, na nikifika Kalama alilifunga, kwa sababu alichotaka kumwambia mkewe hakikuwa cha kusomwa na jirani.

Mwaka uliofuata ndipo Bwana Tayebali alipoingia katika habari hii, ingawa alikuwa rafiki wa nyumba tangu zamani. Alikuwa na duka la leso Biashara Street, mzee wa Kibohora mpole, na kila Ijumaa baada ya swala alipita kwa Kalama kunywa kahawa. Mwanawe Burhanuddin aliishi Uingereza. Alipokuja kusalimia wazazi alimwona Kalama dukani akiongea kwa kalamu, akaulizia habari zake, akaondoka. Baada ya miezi minne mzigo ukafika. Ndani yake mlikuwa na mashine ndogo ya kusemea, umbo lake kama tochi, na betri mbili fupi, nene kidogo kuliko kidole gumba, na chaja yake.

Tayebali alileta barua ya mwanawe yenye maelezo, akaisoma yote kwa sauti sebuleni, tukiwa tumejaa. Mashine inawekwa shingoni, unabonyeza kitufe, inatetemesha koo, na midomo inafanya maneno. Betri zile si za kutumia ukatupa kama mawe ya redio. Moja inakaa kwenye mashine, nyingine kwenye chaja, na kila siku zinabadilishana. Kisha akafika mahali ambapo Burhanuddin alikuwa amepiga mstari chini ya maneno. Betri itumike mpaka iishe kabisa ndipo ichajiwe, na ikiwa kwenye chaja isitolewe mpaka ijae. Ikichajiwa ikiwa nusu, itazoea nusu, na mwisho haitabeba zaidi ya hapo.

Kalama akaiweka shingoni, akabonyeza. Ilitoka sauti moja tu, nyembamba, isiyopanda wala kushuka, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. "Ahsante, Bwana Tayebali," ilisema sauti ile. Tayebali akageuza uso, akajipangusa macho kwa upande wa mkono wa shati. Mwanarusi alikwenda jikoni, na alipochelewa nilimfuata, nikamkuta ameshika ukingo wa sinki. Akaniambia hakuitambua. Alidhani atasikia kitu chochote cha mumewe ndani yake.

Soketi yao ya pekee sebuleni ilikuwa juu ya kabati, pale ilipokuwapo redio. Kwa kuwa mabega ya Kalama hayakupanda, kazi ya kuchaji ikawa ya Mwanarusi. Kila alfajiri akimaliza kuswali aliitoa betri iliyojaa, akamtilia mumewe kwenye mashine, akaipandisha ile tupu. Stima ikipotea mtaa mzima, yeye alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni kuulizia, mwanamke ambaye kabla ya hapo alikaa na kandili bila ya kulalamika.

Shida ilikuwa moja. Kalama hakuwa na maneno ya kutosha kuimaliza betri. Salamu za asubuhi, maneno machache dukani, kidogo msikitini baada ya swala, na ikifika alasiri betri ilikuwa bado ina nguvu. Naye alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Ikawa baada ya alasiri anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anaweka mashine shingoni, anahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka mia tano. Nilimsikia ukutani kwangu. Alipochoka na hesabu alisoma gazeti, bei za mahindi na matangazo ya vifo, na gazeti likiisha alitaja namba za simu za ndani za ofisi yao ya zamani na jina la kila aliyekaa kwenye kila meza.

Mwanarusi alivumilia wiki mbili. Siku moja akaweka chini kofia aliyokuwa akishona.

"Babake Swabaha, kama ni lazima useme, basi nambie mimi. Usiliambie dirisha."

Hivyo ndivyo walivyoanza, baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa. Alianza na Kaloleni. Alimweleza habari za babake aliyekuwa mgema, jinsi alivyosubiriwa chini ya mnazi na watu wazima wenye vibuyu, na skuli ya misheni ambako mwalimu alimfundisha Kiingereza kwa kumsimamisha nje ya darasa asome kwa sauti mpaka asikike ndani. Alimweleza siku alipomwona yeye, Mwanarusi, mara ya kwanza, Marikiti, akibishana na muuza machungwa, na kwamba alinunua machungwa yaleyale aliyoyakataa ili apate sababu ya kusimama. Mwanarusi alicheka mpaka akajifunika leso. Aliniambia asubuhi yake kwamba hakujua, miaka yote hiyo hakujua, kumbe mtu huyu ana mambo.

Miezi ile ilikuwa mizuri kwao. Mwanarusi alimaliza kazi zake mapema ili alasiri imkute amekaa. Kahawa ilikuwa tayari, mlango umerudishwa. Nikimwita kwa jambo lolote saa hizo alisema ngoja, betri haijaisha.

Kalama alisimulia maisha yake kwa mpangilio, mwaka baada ya mwaka, kama mtu aliyekaa na makaratasi ya ofisi maisha yake yote. Katikati ya mwaka 1994 alifika mwaka wa 1973, mwaka kampuni ilipompeleka Tanga kwa mafunzo. Siku ya pili akaanza habari za kuzaliwa kwa Swabaha, na Swabaha alizaliwa mwaka 1976.

"Umeruka," Mwanarusi akamwambia.

Akaondoa mashine shingoni, akaiweka mapajani. Siku hiyo hakusema tena, na betri ikabaki na nguvu. Siku ya pili hakusema. Ya tatu, baada ya alasiri, aliketi, akaomba mlango ufungwe kwa komeo. Yaliyosemwa mle ndani sikuyasikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimekwenda Marikiti. Mwanarusi alinieleza baadaye, zaidi ya mara moja, na kila mara alieleza vilevile.

Inafaa kwanza niseme tulichokijua sote. Asubuhi ile ya 1974 Kazungu aliamka na homa, ikapanda, akapata degedege. Mwanarusi alimbeba mpaka dukani kwa Tayebali kwa sababu kulikuwa na simu na kulikuwa na gari. Gari lilikuwa gereji. Tayebali akampigia Kalama Mbaraki, kwa kuwa kampuni ilikuwa na gari la dharura la wafanyakazi, akampa Mwanarusi mkono wa simu. Mwanarusi aliita, akasikia laini inavuma tu. Alingoja na mtoto mapajani. Alingoja nusu saa nzima, kisha ikakatika, na walipojaribu tena ikawa inatumika. Hapo Tayebali akatoka mbio barabarani kutafuta teksi. Mtoto alikata roho kabla hajafikishwa kwa daktari, naye daktari aliyempokea akasema, bila ya kukusudia ubaya, kwamba lau angeletwa nusu saa mapema huenda wangemuwahi.

Kalama aliporudi jioni alikuta mikeka imetandikwa nje. Aliambiwa laini ilikuwa mbovu, akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo Mwanarusi alibeba nusu saa ile mwenyewe. Kwa nini nilikaa nikashika simu? Kwa nini sikuondoka kwa miguu? Hayo aliniambia mimi miaka yote tuliyokaa naye barazani.

Sasa Kalama, kwa sauti ileile aliyosomea bei za mahindi, alimwita Mamake Kazungu. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka ishirini. Akamwambia kwamba laini haikuwa mbovu. Simu ya duka la Tayebali iliingia kwenye mtambo wake, akaipokea, na akamsikia Mwanarusi akisema, "Kalama, mtoto." Wakati huohuo simu ya ng'ambo ya meneja ilikuwa imefika, simu iliyongojwa tangu jana yake, na meneja amesimama mlangoni anamtazama. Homa ya mtoto alikuwa ameiacha nyumbani asubuhi, akaiona ni homa kama nyingine. Akasema, "Subiri kidogo," bila ya kujua kwamba alikuwa ameshaifunga sauti yake upande wa duka, akauacha waya wa duka umechomekwa bila ya kuuunganisha popote, akamuunganisha meneja. Simu nyingine zikaingia. Na waya ule, alipohitaji nafasi yake kwenye mtambo, akau...

Hapo betri ikaanza kufa. Sauti ikawa nyembamba, ikakatikakatika, ikazima. Midomo yake ikaendelea kwenda na hakuna kilichotoka.

Mwanarusi aliinuka. Betri ya pili ilikuwa kwenye chaja, haijajaa, na kwa maagizo ya Burhanuddin haikufaa kuguswa. Akaichomoa. Mikono yake ilikuwa imetulia, aliniambia, alishangaa jinsi ilivyotulia. Akafungua mashine, akaitia, akamrudishia.

"Maliza," akamwambia.

Akamaliza. Aliuchomoa waya ule kwa mkono wake. Hakumkumbuka mkewe tena mpaka saa sita, na alipompigia Tayebali duka lilikuwa limefungwa. Aliporudi nyumbani akasikia watu wanasema laini ilikuwa mbovu, akaishika habari hiyo.

Mwanarusi alimtazama. Anasema jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba sauti ile haikuwa na kilio. Machozi yalikuwa yakimtiririka Kalama mpaka kwenye kitambaa cha shingoni, na sauti ikasema tu, moja kwa moja, kama inasoma. Hakujua aamini kipi, macho au sauti.

"Miaka ishirini," akamwambia, "umeniona najilaumu, ukaninyamazia."

Kalama alibonyeza kitufe. Kisha akakiachia.

Asubuhi ya pili Mwanarusi hakupandisha betri kwenye chaja. Wala siku iliyofuata. Zote mbili zilikaa juu ya meza, tupu, karibu na kikombe. Alimpikia mumewe, alimfulia, alimbadilishia kitambaa cha shingo, lakini betri hakuzigusa. Kalama angeweza kupanda kigoda akajaribu, au kuniomba mimi kwa ishara tu. Hakufanya hivyo. Alikaa kimya siku kumi na moja, na mimi, kwa kutojua, nilidhani ugonjwa umemrudia, nikawa namletea supu.

Ijumaa ya pili Tayebali alikuja kunywa kahawa kama kawaida, na mimi nilikuwapo. Alipomwona Kalama hana mashine aliuliza kama betri zimeharibika. Atamwandikia Burhanuddin alete nyingine. Kalama alitikisa kichwa. Mwanarusi aliyekuwa akimimina kahawa akaweka buli chini, akamuuliza Tayebali ghafla kama anaikumbuka siku aliyokufa Kazungu.

Tayebali aliinua uso, akamtazama. Alikuwa mzee sasa, ndevu zake nyeupe zote.

"Naikumbuka kila siku, bibi," alisema. "Wewe ulitaka kuondoka. Ulisema twende kwa miguu. Mimi ndiye niliyekwambia usikate, ngoja, atapokea sasa hivi. Sijakuomba radhi kwa sababu sikuweza."

Mwanarusi hakuwa akilikumbuka hilo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amesahau kwamba alitaka kuondoka. Alisimama pale katikati ya sebule, na Kalama akawa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kitambaa. Kisha Mwanarusi akachukua betri zote mbili mezani, akapandisha moja juu ya kabati, akasubiri mpaka taa nyekundu ya chaja ikawaka.

"Betri si mbovu," akamwambia Tayebali. "Mimi sikuzichaji. Njoo kesho, Bwana Tayebali. Babake Kazungu ana jambo la kukwambia."

Tayebali alikuja kesho yake. Safari hii niliondoka bila ya kuambiwa. Alikaa muda mfupi, na alipotoka alipita mbele yangu bila ya kunisalimu, mtu ambaye salamu zake zilikuwa ndefu. Hakugombana na Kalama. Alimwambia mambo ya Mungu hayarudi nyuma, akanywa kahawa yake yote. Ila alipunguza. Ijumaa zikawa moja kwa mwezi, kisha akawa anatuma salamu tu, na mwaka uliofuata betri mpya zilipofika kutoka Uingereza alimtuma mtu wa duka azilete.

Na Kalama na Mwanarusi je? Alasiri ziliendelea. Mwanarusi alirudi kwenye kiti chake, lakini sasa yeye pia alisema, na mara nyingine alisema yeye tu, na Kalama akakaa na mashine mkononi betri ikiwa haijaguswa. Alimtaka amsimulie siku ile tena na tena. Alikuwa na maswali mapya kila mara: alimsikia mtoto akilia? meneja alikuwa amevaa nini? aliposema subiri, alitambua kwamba ni yeye? Kalama alijibu kila swali. Wakaenda kaburini pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Kila mmoja alikuwa akienda peke yake kwa siku yake.

Mwanzo wa 1996 uvimbe ulirudi, shingoni upande wa kushoto, mahali pa mashine. Walijaribu upande wa kulia, sauti ikawa haieleweki. Betri hazikuwa na kazi tena. Swabaha akaja kutoka Malindi, akakaa na mamake. Kalama alifariki mwezi wa Aprili, mchana, akiwa amelala ubavu, mkono wake uko kwenye leso ya mkewe. Tayebali alifuata jeneza mpaka mwisho, na alikuwa wa mwisho kuondoka. Mashine alipewa yeye, akampelekea mtu mmoja wa Changamwe, fundi makenika aitwaye Dishon, ambaye naye alitolewa kikoromeo.

Baada ya eda Mwanarusi alirudi barazani. Siku moja nikathubutu kumuuliza kama alimsamehe. Swabaha hakuwa akijua kitu, na mpaka leo hajui, kwa kuwa mamake aliniapisha nisimwambie.

 Akaendelea kushona, akamaliza safu moja.

"Sikumwambia kwamba nimemsamehe," alisema. "Aliniuliza mara moja, nikamwambia kula kwanza. Siku nyingine naamka nimesamehe, ikifika mchana sijasamehe. Sasa hayupo wa kumwambia, na mimi bado ni hivyohivyo."

 Kule chini mtu alikuwa akiita samaki. Mwanarusi akaisogeza kofia karibu na uso, akaiweka mbali, kisha akanipa sindano nimtungie uzi kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kumchosha. Nikamtungia, nikampa, tukaendelea kushona.